Bibi aliacha kidonge ili asali

Mwezi uliopita nilikwenda Nyakisasa, wilayani Ngara, kumsalimia bibi yangu. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Ilikuwa imevimba. Nilipobonyeza juu ya kifundo, alama ya kidole changu ilibaki pale pale kama kwenye unga wa ugali uliokandwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Za safari?"

Kati ya marahaba na za safari alisimama kuvuta pumzi. Hapo nikajua kuna jambo.

Dawa zake za presha zilikuwa dirishani, kwenye mfuko wa karatasi wa zahanati. Vidonge vya aina moja vilikuwa vimekwisha kama inavyotakiwa. Vya aina ya pili vilikuwa karibu vyote. Mama mdogo, anayekaa naye, alishangaa kuliko mimi. Kila asubuhi alikuwa akimpa Bibi vyote viwili na maji, kisha anakwenda shambani.

Mama mdogo alipoingia jikoni, Bibi akaniita karibu. "Kile kidogo kinanikojoza," akasema kwa sauti ya chini. "Nikikinywa udhu haukai. Natawadha, sijafika kwenye mswala nimeshauharibu. Nikaona bora miguu ivimbe kuliko sala inipite."

Mpenzi msomaji, nimeandika habari za presha kwenye ukurasa huu mara nyingi. Nimeandika kuhusu chumvi, mafuta, kutembea na kutoacha dawa. Sijawahi hata mara moja kuandika neno udhu. Wala sijamsikia mhudumu wa afya akimuuliza mgonjwa: mama, unasali? Dawa hii itakusumbua kwenye sala? Na mgonjwa naye hasemi, kwa sababu mambo ya mkojo ni aibu na mambo ya ibada anaona hayamhusu daktari. Kimya hicho cha pande mbili kilikuwa kinamjaza Bibi maji mwilini.

Kinachouma zaidi ni kwamba swali la Bibi lina majibu, kwa daktari na kwa sheikh pia. Kwa hiyo wiki hii tuzungumze namna ya kusali pale mwili unapokuwa hauna nguvu. Kama una mzee, mjamzito au mgonjwa nyumbani, soma mpaka mwisho hata kama wewe si Mwislamu. Familia zetu za Ngara na Biharamulo zimechanganyika, na mkwe anayekwenda kanisani Jumapili ndiye mara nyingi anayemchotea mama mkwe maji ya kutawadha.

SALA KWA UFUPI

Sala za faradhi ni tano kwa siku: Alfajiri rakaa 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3 na Isha 4. Jumla ni rakaa 17. Kila moja ina wakati wake, na kabla yake mtu anatakiwa awe na udhu, mwili, nguo na mahali pawe safi, ajisitiri, kisha aelekee kibla.

Udhu wenyewe, kwa madhehebu ya Shafi ambayo Waislamu wengi wa nchi yetu wanayafuata, una nguzo 6: kutia nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu mpaka vifundo, na kufuata utaratibu huo. Kusukutua, kupandisha maji puani na kurudia mara tatu ni sunna. Maji mengi si sharti. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa kipimo kisichofika lita moja ya maji. Kwa nyumba ambayo watoto wanabeba ndoo kutoka mbali, hilo ni jambo la kukumbuka.

Katika sala mtu anatia nia na kusema Allahu Akbar, anasimama na kusoma Fatiha, anarukuu, anainuka na kunyooka, anasujudu, anakaa kidogo, anasujudu tena. Hiyo ni rakaa moja. Mwisho wa sala anakaa kwa tahiyatu, anamsalia Mtume, kisha anatoa salamu. Katika kila hatua anatulia, hakimbizani.

Kwa mwenye afya mambo ni hayo. Kwa asiyeweza, kila kiungo kinafuata uwezo wake, ila sala inabaki. Nitaeleza kimoja kimoja.

UDHU USIOKAA

Tuanze na tatizo la Bibi. Vidonge vya kupunguza maji mwilini hutolewa kwa wagonjwa wengi wa presha na wa moyo. Kazi yake ni kutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo, kwa hiyo ukienda chooni mara kwa mara jua dawa inafanya kazi. Ukiiacha, maji yanajaa miguuni, kwa wengine mpaka kwenye mapafu, na pumzi inakuwa fupi. Huo si ugonjwa wa kusubiri.

Kesho yake tulimpeleka Bibi zahanati. Muuguzi alimpima, akamsikiliza kifua, akamwita daktari msaidizi, nasi tukasema wazi habari ya sala. Ushauri ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani: kidonge akinywe asubuhi mapema, mara baada ya Alfajiri. Kwa dawa nyingi za aina hiyo mkojo mwingi hutoka katika saa chache za mwanzo, na kati ya Alfajiri na Adhuhuri hakuna sala nyingine ya faradhi. Adhuhuri ikifika, fujo imepungua. Walisisitiza asibadilishe kiasi cha dawa wala saa bila kuwauliza, kwani kila mgonjwa ana dawa yake. Nawe usichukue saa ya Bibi ukaifanya yako, kaulize.

Kwa upande wa dini tulikwenda kwa imamu. Alieleza hivi. Kama mkojo unatoka lakini kuna kipindi unakatika, mtu asubiri kipindi hicho ndani ya wakati wa sala, atawadhe na asali. Kama unatiririka kiasi kwamba hapati nafasi ya kutawadha na kusali, huyo ana udhuru. Wakati wa sala ukishaingia, ajisafishe, avae kitambaa au pedi safi, atawadhe, asali bila kuchelewa. Kitakachotoka katikati ya sala hakimharibii. Sala ya faradhi inayofuata, ataanza upya vile vile. Hukumu hiyo ni ya zamani, na inamhusu pia mwanamke anayetokwa na damu isiyo ya hedhi.

Kuna makosa mawili ninayoyaona majumbani. La kwanza ni mzee kuacha kunywa maji ili asikojoe. Hapo anajitafutia kizunguzungu, choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. La pili ni kudhani kuvuja mkojo ni uzee tu. Kunaweza kuwa maambukizi, tezi dume, kisukari au misuli iliyolegea baada ya uzazi, na mengi kati ya hayo yana matibabu. Kwa mama aliyeanza kuvuja baada ya uchungu wa muda mrefu, inaweza kuwa fistula. Bugando ya Mwanza na CCBRT ya Dar es Salaam zimekuwa zikiitibu kwa miaka mingi. Mama huyo asijifungie ndani akidhani Mungu amemkataa kwenye mswala.

JERAHA, PLASTA NA TAYAMAMU

Mwingine ana kidonda ambacho daktari amesema kisiguswe na maji, au mkono umefungwa plasta ngumu baada ya kuvunjika. Huyu haambiwi afungue bandeji. Anaosha sehemu nzima ya kiungo, anapitisha mkono wenye maji juu ya bandeji pale ambapo haitadhurika, na anatayamamu kwa ajili ya sehemu isiyooshwa. Plasta ngumu ikilowa inalegea na mfupa unaweza kuunga vibaya, kwa hiyo mwulize daktari kwanza.

Katika Sunan ya Abu Daud kuna habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini. Akahitaji kuoga janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari aliwalaumu vikali kwa kutoa jibu bila elimu, wakati dawa ya kutojua ni kuuliza. Nimeikumbuka habari hiyo mara nyingi tangu niliporudi kutoka Nyakisasa. Bibi hakumuuliza mtu, akajihukumu mwenyewe.

Tayamamu ni kwa udongo msafi, mkavu, wenye vumbi. Unatia nia, unapiga viganja mara ya kwanza unapaka uso, mara ya pili unapaka mikono mpaka viwiko. Basi. Mgonjwa aliyelazwa anaweza kuwekewa udongo kidogo kwenye kopo lenye mfuniko. Neno langu la afya hapa: vumbi lisikaribie kidonda wala kitovu cha mtoto mchanga, maana pepopunda inaishi kwenye udongo. Ukimaliza, pangusa mikono vizuri kabla ya kugusa bandeji au mtoto.

MIGUU YA MWENYE KISUKARI

Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupoteza hisia miguuni. Anakanyaga mwiba hausikii, maji ya moto yanamuunguza hajui. Asubuhi za huku kwetu zina baridi, na watu wanapasha maji ya udhu wa Alfajiri. Yapime kwa kiwiko, au ampimie mtu mwingine, asipime kwa mguu.

Akishaosha, akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa safi, kwa sababu unyevunyevu huleta fangasi na fangasi hufungua mlango wa kidonda. Hapo hapo aangalie unyayo, kama haoni vizuri mjukuu amwangalizie. Anayetawadha kila sala ana nafasi tano za kuona kidonda kikiwa bado kidogo. Akiona lengelenge au mchubuko, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

MAGOTI NA KITI

Sahaba mmoja, Imran bin Huswain, alikuwa na bawasiri. Akamuuliza Mtume namna ya kusali. Jibu alilopewa, ambalo limo katika Sahihi ya Bukhari, ni kwamba asali amesimama, akishindwa, amekaa, akishindwa, amelala ubavu. Angalia swali lenyewe lilivyokuwa: mtu mzima anataja ugonjwa wa sehemu za siri, mbele ya Mtume, bila kuona haya, kwa sababu anataka kusali sawasawa. Sisi tunaona haya kumwambia muuguzi.

Kwa mwenye magoti mabovu, mambo ni hivi. Kama anaweza kusimama, asimame wakati wa Fatiha. Kama hawezi kusujudu chini, akae kwenye kiti, ainame kwa rukuu, kisha ainame zaidi kwa sijda. Sijda iwe chini kuliko rukuu kadiri anavyoweza. Hana haja ya kuinuliwa mto mpaka kwenye paji la uso. Asiyeweza kusimama kabisa asali yote amekaa, chini au kwenye kiti, na thawabu yake haipungui kwa udhuru wa kweli.

Kiti kiwe kizito, cha miguu minne, kimeegemea ukuta. Viti vya plastiki huteleza kwenye sakafu ya saruji, nami namfahamu mzee aliyevunjika nyonga hivyo. Mkeka nao ukunjuliwe vizuri, pembe isimkwaze.

Anayetumia dawa ya presha anaweza kupata kizunguzungu anapoinuka ghafla kutoka kwenye sijda. Asiruke. Kwa Shafi kuna kikao kifupi cha mapumziko baada ya sijda ya pili, kabla ya kuinuka kwa rakaa inayofuata. Ni sunna, na wengi wetu tunakiruka kwa haraka zetu. Mzee akitumie, ategemeze mikono chini, ainuke taratibu. Mjamzito mwenye tumbo kubwa naye afanye hivyo hivyo, apanue magoti anaposujudu, na akizidiwa akae.

Niseme pia kwamba sala si dawa ya magoti, hata kama kuna video zinazosambazwa kwenye simu zikidai hivyo. Sala ni ibada. Magoti yanayouma kila siku yapelekwe kwa daktari.

KITANDANI

Mgonjwa asiyeweza kukaa alale ubavu, wa kulia ni bora, uso uelekee kibla. Akishindwa, alale chali, miguu ielekee kibla na kichwa kiinuliwe kwa mto ili uso uelekee huko. Rukuu na sijda azifanye kwa kichwa, akishindwa kwa macho, akishindwa kwa moyo. Kitanda cha wodini kisipogeuzika, asali anavyoweza. Kuhusu kuchanganya sala mbili kwa sababu ya ugonjwa, wanazuoni wametofautiana. Muulize sheikh wako kabla ya kufanya.

Aliyepoteza fahamu hana lawama. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu kiasi cha kutojua alipo, naye dini imemwondolea mzigo. Tafadhali msimgombeze kwamba amesali Alasiri mara tatu au amesahau rakaa. Mkalisheni karibu nanyi mnaposali, akifuata sawa, asipofuata sawa.

Mama aliyejifungua hasali mpaka damu ya nifasi ikatike. Wengi wanahesabu siku 40 kama sheria, lakini ikikatika kabla, anaoga na kurudi kwenye sala. Damu ikiwa nyingi, ikinuka, au kukiwa na homa, hiyo si nifasi ya kusubiri. Aende hospitali mara moja.

SAA YA NGARA SI SAA YA DAR

Jambo moja lilinishtua pale nyumbani. Bibi alikuwa akifuata adhana ya redio inayotoka Dar es Salaam. Ngara iko magharibi kabisa ya nchi, na jua linatua huku karibu nusu saa au zaidi baada ya kutua Dar. Anayesali Magharibi kwa adhana ya Dar anasali jua bado linaonekana juu ya migomba, na mwenye kufunga anafungua kabla ya wakati. Adhuhuri nayo kwetu huingia karibu na saa 7 mchana. Wenye simu wekeni programu ya nyakati za sala kwa eneo la Ngara au Biharamulo, mkamwandikie mzee kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Kibla kwetu ni kaskazini, ukielemea mashariki kidogo. Chora mshale kwa chaki ukutani karibu na kitanda cha mgonjwa, asihangaike kuuliza.

MIKONO BAADA YA SALAMU

Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, na ulitangazwa kuisha Machi 13 mwaka huo. Mwaka 2023 ulikuwa umeingia Bukoba. Ni ugonjwa unaopita kwa kugusana na maji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Tukumbuke kwamba salamu inayofunga sala ni kugeuza uso kulia na kushoto. Kupeana mikono baada yake ni desturi nzuri, ila si nguzo, na wataalamu wakisema tuache kwa muda, sala haipungukiwi kitu. Mwenye homa, kutapika au kuharisha asali nyumbani. Na kuosha maiti wakati wa mlipuko kusifanywe bila maelekezo ya wahudumu wa afya.

ULIZA LEO

Kama una mzee nyumbani, nakuomba mambo matatu. Hesabu vidonge vyake vilivyobaki, ulinganishe na tarehe aliyopewa. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama kuna dawa inayomsumbua kwenye sala. Ukimpeleka kliniki, umtajie mhudumu kwamba mgonjwa wako anasali mara tano, atawadhe mara tano, na wakati wa Ramadhani anataka kufunga. Nanyi wahudumu wa zahanati mnaosoma hapa, swali hilo ni la sekunde kumi. Liulizeni.

Juzi nilipiga simu Nyakisasa. Mama mdogo alisema miguu imepungua, viatu vinaingia. Kisha akampa Bibi simu. Alizungumza nami bila kukata pumzi, akaniambia amewaeleza wanawake wenzake wawili wa msikitini, na mmoja wao naye alikuwa anaficha vidonge vyake chini ya godoro.

Mpaka wiki ijayo, nawatakia afya njema.